Kuhamia Kampala: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuchagua mtaa

Majibu haya yameandikwa kwa anayehamia Kampala akitokea Nairobi, Mwanza, Goma, Arua au kwingineko, na anayetafuta nyumba ya kupanga kabla hajaujua mji. Bei hatukuziorodhesha, kwa kuwa hubadilika kila msimu. Tumeeleza namna ya kuzihesabu.

Nianze na nini: nyumba, mtaa au bei?

Anza na barabara. Barabara kuu za Kampala zinatoka katikati ya mji kama miale ya jua, na kila mmoja una foleni yake. Ukikaa kwenye mwale uleule wa kazi yako, unasafiri mara moja. Ukikaa mwale mwingine, itabidi uingie mjini kwanza ndipo utoke tena, na hapo kilomita nane zinaweza kukumalizia asubuhi nzima.

Baada ya barabara, angalia mteremko: je, nyumba iko kilimani, ubavuni au bondeni? Kisha maji na umeme. Nyumba yenyewe iwe ya mwisho. Wapangaji wengi hufuata mpangilio wa kinyume. Wanavutiwa na vigae vipya na madirisha makubwa, wanalipa, halafu mvua ya kwanza ndiyo inayowaonyesha mahali walipohamia.

Barabara ipi inaelekea mitaa ipi?

Jinja Road inakwenda mashariki: Nakawa, Kyambogo, Banda, Kireka, Bweyogerere, kisha Seeta na Mukono. Anayefanya kazi viwandani Namanve atafute upande huu, maana asubuhi atakuwa anatoka mjini wakati wengine wanaingia.

Kaskazini-mashariki kuna Ntinda, Kiwatule, Najjera na Kira, na pembeni yake Naalya, Kyaliwajjala na Namugongo. Mitaa hii imekua haraka kuliko barabara zake. Nyumba mpya ni nyingi na nzuri, lakini njia za kutokea ni chache. Namugongo ina jambo moja la pekee: tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi, mahujaji hufika kwa maelfu, wengine kwa miguu kutoka nchi jirani, na magari huzuiwa. Usipange kuhamia huko wiki hiyo.

Ggaba Road inakwenda kusini-mashariki kuelekea ziwani: Kabalagala, Kansanga, Bunga, Ggaba, na pembeni Muyenga, Buziga na Munyonyo. Entebbe Road inapita Najjanankumbi, Zana, Seguku, Lubowa na Kajjansi. Masaka Road inapita Nateete na Busega hadi Kyengera. Hoima Road inakupeleka Nansana, Bombo Road inapita Bwaise na Kawempe hadi Matugga, na Gayaza Road inapita Kalerwe na Mpererwe kwenda Kasangati.

Kuna njia mbili zinazobadilisha hesabu hii. Northern Bypass, kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega, inaunganisha miale ya kaskazini bila kuingia katikati ya mji. Barabara ya kasi ya Entebbe ilifunguliwa 2018, na tangu Januari 2022 hupiti bila kulipa. Inamfaa mwenye gari. Anayepanda taksi (hapa ni basi dogo la abiria, yaani matatu au daladala) asiiweke kwenye hesabu, kwa sababu taksi hufuata barabara ya zamani yenye abiria.

Foleni nitaipimaje kabla sijahamia?

Isafiri mwenyewe. Jumatatu, saa moja kasoro robo asubuhi, simama kwenye steji iliyo karibu na nyumba unayoitaka na uende hadi mlango wa kazini. Jioni rudi kwa njia hiyohiyo, ukianza saa kumi na moja na nusu. Andika dakika, na andika nauli. Usipime wakati shule zimefungwa. Muhula wa kwanza huanza Februari, wa pili mwishoni mwa Mei na wa tatu Septemba. Mabasi ya shule yakirudi barabarani, safari ya dakika arobaini inaweza kufika saa nzima na zaidi.

Angalia pia kama taksi zinasimama. Taksi ya watu 14 haiondoki mwanzo wa njia mpaka ijae, hivyo anayekaa mwanzo wa njia hupata kiti, na anayekaa katikati hupitwa na gari baada ya gari. Mtaa ulio mbali kidogo lakini una mwanzo wa njia unaweza kuwa bora kuliko mtaa wa karibu.

Nauli nazo hazijatulia. Mvua ikinyesha, sikukuu zikikaribia au jioni abiria wakizidi, konda hupandisha. Fanya hesabu kwa mfano huu: taksi shilingi 2,000 za Uganda kwenda na 2,000 kurudi, bodaboda ya kukutoa steji hadi nyumbani 1,500 kila upande. Hiyo ni 7,000 kwa siku, na kwa siku 24 za kazi ni 168,000. Ongeza kiasi hicho juu ya kodi ndipo ulinganishe mitaa miwili. Mara nyingi nyumba ya "bei nafuu" ya mbali haibaki nafuu.

Kilima na bonde vina tofauti gani, zaidi ya bei?

Hili ndilo swali tunalotamani kila mhamiaji aulize, kwa kuwa kosa lake halirekebishiki ukishalipa miezi mitatu. Kampala ni mji wa vilima, na kati ya vilima kuna mabonde yaliyokuwa madimbwi na mafunjo. Maji yote ya kilimani hushuka huko. Bwaise, Kalerwe, sehemu za Ndeeba na Nateete na maeneo yanayopakana na mfereji wa Nakivubo hujaa maji mvua kubwa zinaponyesha, hasa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Lakini bonde halina jina la mtaa mmoja. Karibu kila mtaa una upande wake wa chini, na dalali atakuambia "ni Ntinda" bila kukuambia ni Ntinda ya wapi.

Bonde lina alama zake. Tazama mlangoni: kama kuna kiukuta cha matofali au saruji kinachofika magotini, ambacho ni lazima ukivuke ndipo uingie ndani, kimejengwa kuzuia maji. Tazama ukuta wa chumbani, sentimita thelathini hadi sitini kutoka sakafuni. Mstari wa kahawia, rangi inayobanduka au rangi mpya iliyopakwa upande wa chini tu inakuonyesha maji yalifika wapi. Angalia kama soketi za umeme zimehamishiwa juu. Nje, kama jirani amepanda magimbi na miwa kwenye udongo mweusi, na mafunjo yako hatua chache mbele, hapo ni ardhi oevu hata kama jua ni kali.

Ardhi oevu ina hatari ya pili, ya kisheria. NEMA, mamlaka ya mazingira, huondoa watu na kubomoa nyumba zilizojengwa humo. Mwaka 2024 ilifanya hivyo Lubigi, na mpangaji aliyekuwa ameshalipa kodi hakuwa na kinga kuliko mwenye nyumba.

Kilimani nako kuna shida zake: maji ya bomba hupanda kwa taabu, na njia za udongo mwekundu huwa utelezi mvua inaponyesha, kiasi kwamba bodaboda hukataa kupanda au hutaka pesa mara mbili. Ubavuni, katikati ya kilima na bonde, ndipo wengi wanapopata nafuu. Hakikisha tu hakuna jalala juu yako. Agosti 2024 mlima wa takataka wa Kiteezi uliporomoka na kuua watu wengi waliokuwa wakiishi chini yake.

Kuna tofauti kati ya kukaa Kampala na kukaa Wakiso?

Kwa macho hutaiona. Jiji la Kampala lina divisheni tano: Kampala ya Kati, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Nansana, Kira, Najjera, Lubowa na Kajjansi ziko wilaya ya Wakiso, ingawa watu wake husema wanaishi Kampala. Tofauti utaiona ukifuatilia huduma: taka, barabara na vibali vya biashara vinashughulikiwa na ofisi nyingine. Muulize mwenye nyumba divisheni, parokia (eneo la kiutawala, si la kanisa) na kijiji, uviandike. Utavihitaji.

"Muzigo", "double" na "selfu" ni nyumba za namna gani?

Mswahili akisikia "mizigo ya kupangisha" hufikiria masanduku. Muzigo hapa ni chumba kimoja kwenye safu ya vyumba, choo na bafu viko nje na hutumiwa na wapangaji wote. Double ni vyumba viwili vilivyounganishwa, cha kulala na cha kukaa. Usidhani kina choo ndani mpaka uambiwe. Selfu ni nyumba, hata ya chumba kimoja, yenye choo na bafu lake ndani.

Kwa muzigo na double, hesabu milango inayotumia choo kimoja, na uliza nani anashika ufunguo, nani anasafisha na nani analipia gari la kunyonya shimo linapojaa. Sehemu kubwa ya mji haina bomba la maji taka. Nyumba nyingi zina shimo au tangi la chini ya ardhi, na lisiponyonywa kwa wakati hufurika msimu wa mvua.

Kuhusu maji na umeme niulize nini hasa?

Maji ya bomba ni ya shirika la taifa la maji, NWSC. Usiulize "maji yapo?", maana jibu ni ndiyo siku zote. Uliza: yalikatika lini mara ya mwisho, na yalirudi baada ya siku ngapi? Muulize mpangaji, usimuulize mwenye nyumba. Kisha uliza tangi ni la lita ngapi na linagawiwa nyumba ngapi. Familia ya watu watano ikitumia jerikeni moja ya lita 20 kwa kila mtu, ni lita 100 kwa siku. Tangi la lita 2,000 linalolisha nyumba kumi za namna hiyo linakwisha siku ya pili. Maji ya chemchemi za bondeni yafulie na kudekia. Kwa kunywa usiyaamini bila kuyachemsha, kwa sababu mashimo ya vyoo yako juu yake.

Umeme wa nyumbani hulipwa kabla, kwa mita inayoitwa Yaka. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 msambazaji ni UEDCL, baada ya mkataba wa kampuni iliyoitwa Umeme kuisha, lakini watu wangali wanasema "Umeme" na "Yaka" kwa mazoea. Unanunua uniti kwa simu, kupitia pesa za mtandao, kisha unaingiza namba kwenye mita.

Sharti letu hapa ni moja: mita iwe yako peke yako. Kila mwezi uniti 15 za kwanza za nyumbani huuzwa kwa bei ya chini sana, zinazofuata ni ghali. Mita moja ikitumiwa na nyumba nne, uniti hizo 15 humezwa na wa kwanza kununua, na wengine watatu hulipa bei ya juu mwezi mzima. Halafu kuna ugomvi: huyu ana friji, yule ana pasi, na kila mmoja anasema ametumia kidogo. Nyumba nzuri yenye mita ya kuchangia imeshavunja ujirani mwingi. Kabla ya kulipa, nunua uniti za shilingi elfu chache kwa namba ya mita ile. Ukikatwa pesa ukapata uniti chache kuliko kawaida, huenda mita ina deni, na deni hilo ni la mwenye nyumba kulimaliza, si lako.

Niwe na pesa kiasi gani ya kuingilia?

Wenye nyumba wengi hutaka miezi mitatu mbele, na baadhi huongeza amana ya mwezi mmoja. Dalali, ambaye hapa huitwa broka, kwa kawaida hutaka kodi ya mwezi mmoja, na wengi hutoza pia pesa ndogo ya kukutembeza. Kwa nyumba ya 600,000: miezi mitatu ni 1,800,000, amana 600,000, broka 600,000. Jumla 3,000,000, na bado hujakodi gari la kubebea vyombo.

Pesa ya kutembezwa kubaliana nayo kabla ya kupanda bodaboda, na iwe ya nyumba zote za siku ile, isiwe ya kila nyumba. Yuko broka mwaminifu ambaye atakuokolea wiki mbili. Yuko pia anayekutembeza kwenye nyumba ambazo tayari zina watu ili ale pesa ya kutembeza. Muombe ampigie mwenye nyumba mbele yako kabla hamjaondoka.

Naweza kulipa nikiwa bado Dar, Kisumu au Bukavu ili nishikiwe nyumba?

Usilipe. Picha za nyumba moja huzungushwa na watu watano, na mmoja tu ndiye mwenye ufunguo. Panga chumba cha wageni kwa wiki moja au mbili, utembee mwenyewe.

Sheria inanilinda vipi?

Ipo Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022. Upangaji wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi unatakiwa uwe kwa maandishi. Kodi ni kwa shilingi za Uganda isipokuwa nyote wawili mmekubaliana vinginevyo. Nyongeza ya kodi haitakiwi kuzidi asilimia 10 kwa mwaka. Na mwenye nyumba hawezi kukutoa kwa nguvu bila kupitia mahakamani.

Hata kama nyumba ni ya chini ya kiwango hicho, andikeni. Karatasi moja inatosha: majina na namba za vitambulisho, kijiji, kodi na tarehe ya kulipa, amana na masharti ya kuirudisha, nani analipia taka na kunyonya shimo, namba ya mita ya umeme na ya maji. Kila malipo yawe na risiti au ujumbe wa simu unaobaki. Anayepokea pesa awe ndiye aliyeandikwa kwenye mkataba. Nyumba nyingi husimamiwa na mtoto wa mwenyewe au mlinzi, na kesho mwenyewe husema hakuona kitu.

Mwenyekiti wa LC1 ni nani, na kwa nini kila mtu ananielekeza kwake?

Ni kiongozi wa kijiji, ngazi ya chini kabisa ya serikali, na mjini kijiji ni mitaa michache tu. Barua yake hutakiwa unapofungua akaunti, unapoomba nyaraka, hata unapopotelewa na mali. Nenda kujitambulisha wiki ya kwanza, ukiwa na kitambulisho au pasipoti na nakala ya mkataba. Kwenda mapema, kabla hujalipa kodi, ni bora zaidi: yeye ndiye anayejua nyumba ipi ina kesi, ipi iko kwenye ardhi oevu, na nani ndiye mwenyewe wa kweli. Anza kwa salamu kamili, "ssebo" kwa mwanamume na "nnyabo" kwa mwanamke, ndipo uulize. Hapa anayekimbilia swali huonekana amekosa adabu.

Ni mitaa gani nitasikia Kiswahili?

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu mabadiliko ya katiba ya 2005, lakini lugha ya sokoni Kampala ni Kiganda. Wakongo utawakuta wengi Nsambya, Katwe na Makindye. Kansanga na Kabalagala kuna wanafunzi wengi kutoka Kenya na kwingineko, kwa sababu ya vyuo. Kisenyi ina Wasomali wengi wanaokijua Kiswahili. Kukaa karibu na wa kwenu kunasaidia miezi ya kwanza, ila jifunze Kiganda cha nauli na cha sokoni. Bei hushuka.

Shule za watoto?

Chagua shule kwanza, kisha nyumba ndani ya mwendo wa miguu au safari moja ya bodaboda. Gari la shule linaweza kumchukua mtoto saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa sababu ni wa kwanza kwenye mzunguko. Uliza saa ya kuchukuliwa kabla ya kuuliza ada.

Usalama na kelele nitavijuaje?

Nenda Ijumaa saa nne usiku. Waulize madereva wa bodaboda wa steji ile: "Usiku wa manane unaweza kunifikisha hadi pale?" Akisita, akataja njia nyingine au akataka pesa mara tatu, umeshajibiwa. Tazama kama njia ya kutoka steji ina taa na maduka yaliyo wazi, maana wizi wa simu na mikoba hutokea zaidi kwenye vipande vya giza vya kutembea kwa miguu.

Kelele zina siku zake. Kabalagala ni mtaa wa starehe na haufichi. Mitaa mingine hutulia Jumanne, halafu baa iliyo nyuma ya ukuta huamka Alhamisi, au kanisa huwa na mkesha kila Ijumaa. Mwenye mtoto mchanga au kazi ya zamu asikubali nyumba aliyoiona mchana tu.

Na Entebbe?

Inafaa kwa anayefanya kazi uwanja wa ndege au huko huko. Ni tulivu na ina hewa ya ziwa. Zingatia vijidudu vya ziwani vinavyokuja kama wingu na kujaza taa usiku, na kwamba ziwa lilipofurika 2020 nyumba za ufukweni ziliingia maji, kule Entebbe na hata Ggaba.

Nikitaka kununua ardhi badala ya kupanga?

Panga mwaka mmoja kwanza. Na usichanganye maneno: kibanja cha Uganda si kiwanja cha Kiswahili. Kibanja ni haki ya kukaa juu ya ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, mara nyingi ardhi ya mailo, yaani umiliki wa kudumu wa Buganda, na mwenye kibanja humlipa mwenye hati busuulu, yaani kodi ndogo ya ardhi, kila mwaka. Watu hununua kibanja wakidhani wamenunua hati. Asiye raia hawezi kumiliki mailo wala ardhi ya umiliki huru. Anaruhusiwa kukodisha hadi miaka 99. Kabla ya kutoa pesa, peleka namba ya bloki na ploti ofisi ya ardhi uone jina lililoandikwa, kisha wasikilize majirani wa pande zote nne wakionyesha mpaka.

Siku ya kuhamia nifanye nini?

Kabla ya kushusha hata godoro, piga picha mita ya maji na ya umeme namba zikionekana. Fungua bomba zote pamoja, vuta maji ya choo, washa kila swichi. Badilisha kitasa cha mlango wa mbele siku hiyohiyo, kwa kuwa hujui funguo ngapi ziko nje. Piga picha kila ufa na kila kioo kilichovunjika, umtumie mwenye nyumba kwa simu jioni ile, ujumbe ubaki na tarehe.